Kurudi Nyumbani Siku ya Upasuaji wa Nyonga au Goti Wakati wa Janga

Mgonjwa aliyewekewa nyonga au goti bandia anaweza kurejea nyumbani siku hiyohiyo, pasipo kulala wodini. Swali la usalama wa utaratibu huu lilipata uzito mpya mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoenea duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka huo katika jarida la The Lancet uliwahusu wagonjwa 1,128 wa nchi 24 waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali wakiwa na virusi hivyo. Takriban asilimia 24 walifariki ndani ya siku 30. Kila usiku wodini uliongeza nafasi ya kuambukizwa.

Hata hivyo, kuahirisha nako kuna gharama. Gegedu iliyolika hairudi, na misuli isiyotumika hudhoofika. Katika Kanda ya Ziwa, wenye shida hiyo si wazee pekee. Ugonjwa wa seli mundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa hufa, na kijana akaanza kuchechemea.

Kinachowezesha kuruhusiwa mapema ni ganzi ya uti wa mgongo, ganzi inayochomwa kuzunguka kiungo, na dawa za kupunguza kuvuja kwa damu. Mgonjwa husimama na kutembea kwa msaada saa chache baada ya upasuaji. Kutembea huko ni kinga pia, kwa maana damu iliyotulia mguuni huganda kwa urahisi.

Lakini si kila mgonjwa anafaa. Mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari kisichodhibitiwa anahitaji uangalizi wa usiku. Mwenye seli mundu, ambaye huenda ndiye mhitaji mkubwa, anahitaji maji ya kutosha, joto na oksijeni, hivyo ni busara alazwe. Aliyeambukizwa virusi alishauriwa mwaka 2021 asubiri walau wiki 7 kabla ya upasuaji usio wa dharura. Baada ya chanjo kuenea, miongozo ya nchi mbalimbali ililegeza muda huo kwa wenye afya njema.

Kwa wakazi wa ufukweni na visiwani kuna sharti jingine, nalo ni umbali. Mgonjwa wa Ukerewe anayetibiwa Mwanza hutenganishwa na hospitali ya rufaa ya Bugando na safari ya saa kadhaa ya kivuko. Bonge la damu likitoka mguuni na kufika kwenye mapafu, halimsubiri nahodha. Kwake, “nyumbani” kwa siku za mwanzo kunapaswa kuwa kwa ndugu jijini, penye msaidizi, simu, choo cha kukalia na usafiri wa haraka.

Dalili za hatari ni shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana, kupumua kwa shida, homa, au kidonda kutoa usaha. Wakati wa janga, familia huweza kudhani kuwa homa na pumzi fupi ni virusi tu, ikamfungia mgonjwa chumbani. Bonge la damu na nimonia huanza kwa dalili zinazofanana na hizo, na vipimo pekee ndivyo huzitofautisha. Mgonjwa wa namna hiyo arudishwe hospitali mara moja, awe amevaa barakoa, na wahudumu waarifiwe kuwa amefanyiwa upasuaji hivi karibuni.

Basi, kabla ya kuamua mgonjwa alale wapi, daktari na familia wajiulize: mambo yakiharibika usiku wa manane, atafikaje hospitali?