Unataka kupiga picha treni ya mizigo Mpanda? Soma hii kwanza

Zile video za treni ndefu nyeusi zikipeleka makaa ya mawe kwenye mtambo wa umeme, nyingi ni za nje. Katavi hutaiona treni ya namna hiyo. Hata makaa yetu ya Ngaka, kule Ruvuma, husafiri kwa malori. Ila Mpanda tunayo treni ya mizigo, na kila ikiingia mjini hakosi mtu mwenye simu mkononi.

Reli hii inatoka Kaliua, mkoani Tabora, kilomita kama 210 hivi, na inaishia hapahapa Mpanda. Wakoloni Waingereza waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Siku hizi wakulima wanaitegemea kutoa mahindi na mpunga.

Sasa hatari iko wapi? Reli yenyewe ina upana wa mita 1 tu, lakini behewa ni pana zaidi ya mara mbili ya hapo. Yaani linatokeza nje ya chuma kila upande. Mtu anasimama hatua moja kutoka kwenye reli, anajiona yuko salama, kumbe ubavu wa behewa unapita palepale aliposimama. Na kwenye kioo cha simu treni huonekana iko mbali kuliko ilivyo. Dereva hata akikuona, treni yenye mzigo haisimami kama bodaboda. Inaweza kwenda mamia ya mita baada ya kufunga breki.

Halafu kuna kiberenge cha mafundi wa reli. Hakina kishindo cha treni, na ukiwa na earphone masikioni umekwisha.

Kwa hiyo kaa nje ya hifadhi ya reli: mita 15 kila upande mjini, mita 30 nje ya mji. Kuingia humo bila ruhusa ni kosa kisheria. Ukitaka kupiga ndani ya stesheni, mwone kwanza stesheni masta. Ukikataliwa, usibishane naye, toka nje.

Tena ukiwa mbali picha ndiyo inatoka vizuri, maana treni nzima inaingia. Reli inatoka kaskazini kushuka kusini, hivyo asubuhi simama upande wa mashariki, jioni magharibi, jua likupige mgongoni. Mabehewa ya rangi nyeusi hugeuka kivuli kitupu mbele ya anga jeupe. Gusa behewa kwenye kioo ili simu ipime mwanga hapo. Usivute kwa vidole, picha itachakaa. Piga mfululizo, kisha ukakate nyumbani.

Selfie na treni nyuma yako? Subiri isimame stesheni.