Kila Ndege kwa Bawa Lake: Upekee na Kusudi la Maisha katika Ufuo wa Kisumu

Upekee wa mtu ni jumla ya yale yanayomtofautisha na wenzake: kile anachokipenda bila kushurutishwa, kile anachokiona wengine wakikipita, kipawa chake, lugha iliyomlea na mapito ya maisha yake. Kusudi la maisha ni kazi ambayo mtu huyo anaona inastahili nguvu na miaka yake. Mambo haya mawili hukutana pale tofauti ya mtu inapokuta hitaji la watu. Upekee usio na hitaji la kuutumikia hubaki pambo, na kazi isiyogusa upekee wa mtu hubaki kibarua ambacho yeyote angeweza kukifanya. Ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Kisumu na Asembo hadi Mbita na Nyakach, umetoa watu wengi ambao maisha yao yanaonyesha jinsi makutano hayo yanavyotokea.

Jina, sifa na ukoo

Miongoni mwa Waluo, mtoto hutambulishwa kwanza kwa saa na hali aliyozaliwa. Otieno na Atieno ni wa usiku, Onyango na Anyango ni wa asubuhi jua likipanda, Ochieng' na Achieng' ni wa jua kali, Okoth na Akoth walikuja na mvua. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo, na anayezaliwa baada ya pacha ni Okello au Akello. Mara nyingi huongezwa jina la jamaa aliyefariki. Hivyo mtoto huanza maisha akiwa na mambo mawili kwa pamoja: wakati ambao ni wake mwenyewe, na ukoo alioukuta.

Desturi ya pakruok huendeleza jambo hilo hadi utu uzima. Katika ngoma ya nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, mtu humsimamisha mpigaji, humtunza fedha, kisha hujisifu kwa mafumbo na tamathali mbele ya umati. Akimaliza, muziki huendelea hadi mwingine asimame. Anayejisifu hajitaji peke yake. Hutaja kwao, marafiki zake na wakwe zake, na umati humpima kwa ufundi wa maneno yake. Kujitofautisha huko hufanyika mbele ya watu na kwa lugha yao. Hakuna anayelazimika kuwakana wenzake ili aonekane.

Mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga alilipeleka jambo la jina mbele zaidi. Alikuwa amebatizwa Adonijah, akaliacha jina hilo na kushika majina ya kwao, na wanawe wakajulikana kwa majina ya Kiluo. Uamuzi huo ulikwenda sambamba na kazi. Mwaka 1947, baada ya kufundisha Maseno, alianzisha shirika la akiba na biashara la Waluo ili kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kuweka mtaji na kuendesha kampuni yake katika nchi ambayo biashara ilikuwa mikononi mwa wengine. Kujithamini kulipata kazi ya kufanya, na kazi hiyo ikawafaa watu wengi.

Jicho linapovutwa na kitu

Dalili ya kwanza ya upekee mara nyingi ni usikivu: mtu huvutwa na jambo ambalo wenzake hawalijali. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931, alisoma Shule ya Maseno, kisha Makerere, na hatimaye Cambridge nchini Uingereza, alikojifunza fiziolojia ya wadudu. Msomi wa kizazi chake alitarajiwa awe mwalimu, daktari, mwanasheria au mwanasiasa. Odhiambo alikuwa mtu wa wadudu, na hakuacha kuwa hivyo.

Wadudu si jambo dogo barani Afrika. Mbu hueneza malaria, ndorobo huua mifugo, nzige na viwavi humaliza mazao. Odhiambo aliona kwamba matatizo hayo yanahitaji wanasayansi wanaoishi nayo, na mwaka 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kinachojulikana kama ICIPE. Alikiongoza hadi mwaka 1994. Kituo hicho kilijenga tawi Mbita, kando ya ziwa, ambalo leo lina jina lake.

Mbita ndiko ilikokuzwa mbinu ya kilimo ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na watafiti wa ICIPE pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza kuanzia miaka ya 1990. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Pembeni mwa shamba hupandwa nyasi za napia, ambazo huwavuta nondo hao wakatage huko. Mizizi ya desmodiamu nayo huzuia striga, gugu ambalo wakulima wa Kiluo huliita kayongo na ambalo hunyonya mahindi hadi yakadumaa. Mkulima hupata pia malisho ya ng'ombe, na udongo hupata rutuba. Odhiambo alifariki mwaka 2003, lakini familia zinazovuna mahindi kwa mbinu hiyo zinanufaika na udadisi ambao mzazi mwenye haraka angeuita mchezo wa kitoto.

Vipawa vingi katika mtu mmoja

Watu wengi hudhani kusudi lazima liwe kitu kimoja kilichojitenga. Maisha ya Grace Ogot yanaonyesha vingine. Alizaliwa Asembo mwaka 1930 akiitwa Grace Emily Akinyi. Alisoma Ng'iya na Butere, akafunzwa uuguzi Mengo nchini Uganda na baadaye London, akafanya kazi katika Hospitali ya Maseno. Aliandika na kusoma matangazo BBC, akawa afisa wa maendeleo ya jamii Kisumu, na mwaka 1966 akatoa riwaya yake The Promised Land kupitia East African Publishing House. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuchapisha riwaya kwa Kiingereza.

Kwa haraka, njia hiyo inaonekana kama ya mtu asiyejua anachotaka. Lakini vitabu vyake vinaonyesha kwamba kazi zake zote zilikuwa zinakusanyika. Riwaya hiyo inasimulia mume na mke wa Kiluo wanaohamia Tanganyika kutafuta ardhi, mume akapatwa na ugonjwa unaowafanya watu wabishane kati ya hospitali na mganga. Ni mwandishi aliyewahi kusimama kando ya vitanda vya wagonjwa ndiye anayeweza kuupa ubishi huo uzito wa pande zote mbili. Hadithi yake maarufu kuhusu binti wa mtemi anayetakiwa kutolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe inatokana na simulizi za jadi, naye akaziuliza swali la wakati wake: mtu mmoja anawajibika vipi kwa jamii inayotaka uhai wake? Ogot aliandika pia kwa Kiluo, na mwaka 1983 akaingia Bunge la Kenya. Mapito yaliyoonekana kutawanyika ndiyo yaliyomfanya awe mwandishi ambaye mwingine hangeweza kuwa.

Lugha na mahali

Sehemu nyingine ya upekee ni mahali mtu alipo na lugha anayoijua kwa undani. Asenath Bole Odaga, mzaliwa wa Rarieda, alikuwa mwalimu, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, kisha mtafiti wa fasihi simulizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wachapishaji wakubwa wa Kenya walikuwa Nairobi, na soko lao lilielekea zaidi vitabu vya Kiingereza na Kiswahili vya shuleni. Odaga alianzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1980, akachapisha hadithi za watoto, riwaya na masimulizi kwa Kiluo, na akatunga kamusi ya lugha hiyo.

Alichokuwa nacho Odaga, yaani ujuzi wa ngano za bibi na babu na lugha ya ufuoni, kilikuwa cha kawaida kwa watu wa kwao. Kilichomtofautisha ni kukipa thamani ya kazi ya maisha. Wengi hutafuta upekee wao mbali, ilhali umo katika jambo wanalolijua vizuri kiasi cha kulisahau.

Kwenda na kurudi

Wakati mwingine mtu huitambua thamani ya alichonacho akiwa ugenini. Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 katika familia ya Kiluo. Mwaka 1979 alishiriki kuanzisha bendi ya African Heritage jijini Nairobi. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London ili apate riziki. Huko ndiko alikosikika, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake En Mana Kuoyo chini ya lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel. Muziki wake ulitumika pia katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005.

Ogada hakuibadilisha nyatiti ili ifanane na gita. Aliipiga kwa utulivu wake mwenyewe, akaimba kwa Kiluo, na wasikilizaji wasiojua neno hata moja wakamsikiliza. Baadaye alirudi Kenya, akaishi Nyahera karibu na Kisumu, alikofariki mwaka 2019. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Vikwazo

Si haki kuzungumzia upekee kana kwamba kila mtu ana nafasi sawa ya kuufuata. Kikwazo cha kwanza ni mfuko. Katika fuo za ziwa, wanawake wachuuzi wa samaki wamekumbwa na mtindo wa jaboya, ambapo mvuvi hutaka ngono ndipo amuuzie mwanamke samaki. Mtindo huo umechangia kuenea kwa virusi vya ukimwi. Katika ufuo wa Nduru, Nyakach, kundi la wanawake lilianza mwaka 2011 kumiliki mashua zao na kuajiri wanaume wavue, ili samaki wawe wao tangu majini. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliharibu makazi na biashara zao. Kisa chao kinaonyesha kwamba heshima ya mtu inahitaji chombo cha kufanyia kazi, na kwamba mara nyingi mtu mmoja hupata uhuru wake kupitia kundi.

Kikwazo cha pili ni matarajio ya familia. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana sababu ya kutaka mtoto asomee kazi yenye mshahara wa hakika. Hofu hiyo hujibiwa kwa vitendo: kijana anayeonyesha bidii, anayejitafutia walau sehemu ya riziki na anayeweza kueleza kazi yake itamfaa nani, huaminiwa upesi kuliko anayedai tu kueleweka.

Kikwazo cha tatu ni shule. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulimpima mtoto hasa kwa alama za mtihani. Mtaala mpya wa umilisi unawagawa wanafunzi wa sekondari ya juu, kuanzia kundi la kwanza lililoingia mwaka 2026, katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Mgawanyo huo utafaa iwapo shule zitakuwa na walimu na vifaa vya njia zote, na iwapo sanaa haitachukuliwa kuwa jalala la walioshindwa hisabati.

Namna ya kutafuta

Kutokana na maisha haya, hatua kadhaa zinajitokeza. Mtu huanza kwa kuchunguza kinachomvuta kila mara, hata pasipo malipo. Kisha hukitafutia ufundi, kwa sababu kipawa kisichofunzwa hakifiki mbali: Odhiambo alisoma miaka mingi, na hakuna anayeimudu nyatiti bila kukaa chini ya fundi. Huku akijifunza, hushika kazi ya kumlisha, kama Ogot alivyouguza na Odaga alivyofundisha, na huihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya elimu yake. Hatimaye hujiuliza ni nani anayekosa kile anachoweza kukitoa. Swali hili la mwisho ndilo linalotenganisha upekee na ubinafsi, maana jibu lake humtoa mtu ndani ya nafsi yake na kumpeleka shambani, hospitalini, darasani au ngomani, mahali ambapo tofauti yake inahitajika.

Hakuna umri maalumu wa kulijibu swali hilo. Odaga alikuwa amefundisha na kutafiti kwa miaka mingi kabla ya kufungua kampuni yake, na Ogot alikuwa na zaidi ya miaka 50 alipoingia bungeni. Kila ndege huruka kwa bawa lake, na bawa hukomaa kwa wakati wake.