Ngozi ya Mbuta Haitaki Maji Moto

Kikundi kikinunua ngozi za mbuta kwa pesa za mchango, halafu mtu mmoja akazimwagia maji ya kuchemka ili magamba yatoke upesi, pesa hizo zimekwisha. Ngozi hujikunja, hulegea, na mwisho hugeuka gundi. Haifai mkoba wala viatu. Hebu tuone sababu.

Nguvu ya ngozi, iwe ya ng'ombe ama ya samaki, hutoka kwa protini iitwayo kolajeni. Ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja (wasomaji wa Mhubiri wataikumbuka kamba kama hiyo). Kila uzi ni kama shanga zilizotungwa, na kila shanga ya tatu ni ile ndogo kuliko zote, glaisini. Udogo wake ndio unaoruhusu nyuzi kubanana. Shanga zingine mbili, prolini na haidroksiprolini, hukaza msokoto usifunguke kwa joto.

Hapo ndipo samaki hutofautiana. Kuna samaki wa bahari baridi za kaskazini aitwaye kodi (si ile ya serikali!). Katika shanga zake 1000, hizo za kukaza ni kama 155. Mbuta wetu wa maji ya joto anazo karibu 200. Basi kolajeni ikitolewa ngozini na kuyeyushwa, ile ya kodi hufunguka kwenye nyuzi 15 hivi za Selsiasi, na ya mbuta kwenye 36. Ng'ombe humshinda mbuta, lakini si kwa mbali. Ngozi nzima huvumilia zaidi ya hapo, lakini sufuria ya kuchemka, hapana.

Kwa hivyo fanyeni kazi kivulini, kwa maji baridi. Kama hamtaanza siku hiyo hiyo, tieni chumvi nyingi, maana ngozi ya samaki huoza mbio sana. Chokaa italegeza magamba. Halafu magome ya muwati: tanini yake hushikamana na zile nyuzi, na ngozi ikishaiva haiozi upesi tena, na joto hulistahimili zaidi. Anzeni na maji hafifu ya magome, mkiyaongeza ukali siku kwa siku. Yakiwa makali tangu mwanzo, nje hufunga na ndani hubaki mbichi.

Na zile zilizokwisha kuharibika kwa maji moto? Zichemsheni polepole, mchuje, mwache mchuzi upoe na kukauka. Ni gundi ya mbao, na seremala ataijua.