Chuma kinazuia rezo, lakini sauti inapita

Mtu akiingia ndani ya kontena ya chuma na mlango ukafungwa kabisa, rezo ya simu inapungua, mara nyingi inapotea. Mawimbi ya redio hayapenyi chuma. Kwa mwenye kufanya duka ndani ya kontena huo ni usumbufu tu: atatoka nje apige simu. Kwa mabaharia walio ndani ya nyambizi, ile meli ya kivita inayotembea chini ya maji, hakuna kutoka nje.

Vyombo vya kupima vilivyofungwa nje ya nyambizi vinapaswa kutuma habari kwa walio ndani. Kawaida ukuta wa meli unatobolewa na waya unapitishwa. Lakini kule chini maji yanasukuma kwa nguvu nyingi, na kila tundu ni mlango ambao yanautafuta. Tarehe 10 Aprili 1963, nyambizi ya Marekani USS Thresher ilizama katika Atlantiki pamoja na watu 129. Wachunguzi walisema inaelekea bomba la maji ya bahari ndilo lililopasuka. Halikuwa tundu la waya, ni kweli, lakini tangu siku hiyo kila kitu kinachotenganisha bahari na watu kinakaguliwa kwa ukali, na kila tundu jipya linaongeza kazi na gharama.

Chuma hichohicho kinachozuia redio kinapitisha sauti vizuri sana, karibu meta 5.900 kwa sekunde. Hewani ni kama 340 tu. Katika chuo cha Rensselaer Polytechnic Institute, jimbo la New York, Tristan Lawry, wakati huo mwanafunzi wa udaktari, na wenzake walibandika visahani viwili vikitazamana, kimoja kila upande wa bamba la chuma. Kisahani kikipewa umeme kinatikisika, tena haraka mno hata sikio la mtu halisikii. Cha upande wa pili kikitikiswa kinatoa umeme. Tabia hiyo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliigundua mwaka wa 1880.

Shida ilikuwa mwangwi. Sauti ikifika upande wa pili, sehemu yake inarudi, inagonga, inarudi tena, na neno la kwanza linaangukia juu ya neno la pili. Wahandisi wakagawanya ujumbe katika njia nyingi ndogo zinazokwenda pamoja, kila moja polepole, ili mwangwi upate muda wa kutulia.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2013: megabiti 17,37 kwa sekunde kupitia chuma chenye unene wa milimeta 63,5. Picha ya megabaiti 5 ingepita kwa muda usiofika sekunde 3. Na pembeni, visahani vingine viwili vilipitisha umeme wa wati 50, jambo ambalo pengine ni kubwa kuliko lile la kwanza, kwa sababu chombo kilicho nje hakihitaji tena mtu wa kukibadilishia betri.

Adui ni hewa. Mama aliyefanyiwa ekografi anakumbuka ile dawa ya baridi inayopakwa tumboni: inaondoa hewa kati ya ngozi na mashini. Visahani navyo vinapaswa kushikamana kabisa na chuma, na ukuta wa matabaka mawili yenye hewa katikati unakata mawasiliano.