Kaka, Hiyo Vanity ni Kabati Tu

Niliweka picha ya bafu letu kwenye grupu la familia, fundi akiwa ndiyo kwanza ameondoka. Chini yake nikaandika "vanity mpya", maana hapa Virginia kitu hicho kinaitwa hivyo dukani, kwenye risiti na mdomoni mwa fundi. Kaka yangu mkubwa, mzee wa kanisa kule Korogwe, hakuangalia picha. Alisoma neno. Akatuma ujumbe wa sauti, grupu zima likausikia: "Mdogo wangu, Mungu amekujalia nyumba, sasa mbona unajivunia ubatili?" Mashangazi wakaitikia amina. Tangu hapo nikipiga simu nyumbani hakosekani wa kuniuliza ubatili wangu unaendeleaje. Ndiyo maana naandika, na aliye karibu na kaka tafadhali amsomee.

Vanity ni kabati la sinki la bafuni. Basi. Linauzwa kwa inchi: 24, 30, 36, 48, na la 60 huwa na sinki mbili ili mume na mke wasigombanie maji asubuhi. Wamarekani wana imani kubwa na sinki ya pili. Dalali wa nyumba atakuonyesha hiyo kwanza, shule za watoto mtazizungumza baadaye. Zamani kabati lilikuwa na kimo cha inchi 30 na kidogo, siku hizi wanauza la 36 na kukiita kimo cha starehe. Starehe ya nani sijui, mwanangu wa mwisho anapiga mswaki akiwa amepanda stuli. Taa iliyo juu ya kioo nayo ni ya vanity. Fundi bomba mwenye ndevu hadi kifuani na buti zenye matope atakuambia vanity yako inavuja, na hatatabasamu hata kidogo.

Jina lilianzia kwenye ile meza ya kujipambia, yenye droo na kioo. Mtu akikaa mbele yake hujitazama, na kujitazama kupita kiasi Waingereza wanakuita vanity, kwa hiyo meza ikapewa jina la kosa la anayeikalia. Bafu zilipokuwa kubwa, kioo na droo vikahamia kwenye maji na jina likavifuata. Kule kwetu kitu hichohicho kingeitwa kabati la sinki na grupu lingenipongeza.

Sasa tuje kwenye lile la kaka. Kwa Kilatini vanus ni tupu, na vanitas ni utupu. Kitabu cha Mhubiri kwa Kiebrania kinatumia neno hevel, yaani pumzi au mvuke, kitu unachokiona mara kikatoweka. Ndilo hilohilo jina la Habili, mtu wa kwanza kufa katika Biblia. Jerome alipotafsiri kwa Kilatini, karne ya 4 ikielekea kwisha, aliandika vanitas. Waingereza wa Mfalme James, mwaka 1611, wakaandika vanity. Watafsiri wetu wakachagua ubatili, ambalo asili yake ni Kiarabu, na kwa sikio langu pumzi ikapotea njiani. Kwetu batili ni neno la hukumu. Kuna mkataba batili na ndoa batili, na majirani zetu Waislamu husema saumu imebatilika. Ndiyo maana kaka alisikia hukumu mahali ambapo palikuwa na droo tatu na bomba. Na hata hapa, Biblia nyingi za Kiingereza cha leo zimeshaliacha neno vanity katika Mhubiri. NIV, ambayo makanisa mengi yanaisoma, inasema mambo hayana maana. Kaka analishikilia neno ambalo wenyewe wameliweka pembeni.

Utupu uligeukaje kuwa majivuno? Hapo hatuhitaji Kilatini, tunajua debe tupu haliachi kuvuma. Waingereza wana neno moja kwa utupu wa debe na kwa kuvuma kwake. Sisi tumegawa vizuri zaidi: kiburi, majivuno, maringo, mikogo, kujiona, kujishaua, na wifi zangu wataongeza mengine bila kuombwa.

Kisha neno likashuka kutoka kwa watu hadi kwenye vitu. Tarehe 7 Februari 1497, mjini Florence, wafuasi wa mtawa Savonarola walirundika uwanjani vioo, vipodozi, vinyago, vitabu na picha, wakavitia moto. Kwa Kiingereza moto ule unatajwa kwa wingi wa vanity, kwa maana vitu vyenyewe ndio ubatili. Kaka angeleta kiberiti. Ila amalizie na habari ya mwaka uliofuata, maana Savonarola naye alinyongwa na kuchomwa katika uwanja uleule. Mwaka 1678 John Bunyan aliandika juu ya mji uitwao Vanity, wenye soko lisilofungwa mwaka mzima, akiwaonya waumini. Mwandishi Thackeray akalichukua jina la soko hilo, Vanity Fair, kwa riwaya yake ya 1847 na 1848. Leo Vanity Fair ni gazeti la waigizaji na matajiri, na wanaotokea kwenye jalada lake wanafurahi.

Lakini kama kaka anautaka ubatili wenyewe, asiingie bafuni kwangu, asimame barabarani. Hapa mtu anaruhusiwa kuchagua herufi za pleti ya gari lake, na watu wote wanaiita pleti ya vanity isipokuwa idara ya magari, ambayo kwenye fomu inajizuia. Pennsylvania ilianza mwaka 1931 kwa kuwaruhusu wenye magari kuweka herufi za kwanza za majina yao. California inaziita pleti za mazingira, tangu 1970, kwa kuwa ada yake inakwenda kutunza mazingira. Mtu anajivuna, msitu unapona. Na jimbo langu ndilo bingwa. Mwaka 2007 umoja wa idara za magari za Marekani na Kanada ulifanya hesabu, Virginia ikaongoza nchi nzima kwa takriban magari 16 katika kila 100. Sababu haijifichi: hapa ada ya kuchagua herufi ni dola 10 kwa mwaka. Bibi wa nyumba ya pili ana Corolla ya siku nyingi yenye kutu mlangoni, na pleti inayotangaza idadi ya wajukuu.

Nyumbani starehe hiyo ni ya wakubwa. Mwaka 2016 ada ya namba yenye jina ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Ukiona jina la mtu kwenye gari Dar es Salaam, unajua hapo pana mwanamuziki au mwenye malori. Majivuno yetu tumeyawekea bei ya kiwanja, halafu mtu wa huko ananisema mimi kwa kabati.

Haya, hapa nako wana visa. Mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta huko California, Joseph Tartaro, aliomba pleti yenye neno NULL, ambalo kwenye programu huonyesha kwamba hakuna kitu. Faini za magari ambayo namba zao hazikujazwa zikaanza kumiminika kwake, zikafika dola 12,000 hivi, naye akakisimulia kisa hicho mwaka 2019. Utupu aliouandika kwa mzaha uliletewa bili.

Na nguo je? Vanity imeingia mpaka kwenye saizi. Marekani ilikuwa na kipimo rasmi cha nguo za wanawake kilichotolewa mwaka 1958, kikaondolewa 1983, na baada ya hapo kila kampuni ikapima inavyotaka. Namba zikawa zinashuka huku kitambaa kinaongezeka, ili mnunuzi atoke dukani akijiona kapungua. Shangazi mmoja kati ya wale walioitikia amina niliwahi kumpelekea gauni la saizi 8 kwa ajili ya send-off. Lilimmeza. Akasema nimemwona mnene.

Nilikuwa nataka kueleza tofauti ya vanity na kiburi, lakini binti yangu amenitangulia. Darasani wanasoma riwaya ya Jane Austen ya 1813, ile ya kiburi na chuki, na humo kuna dada mmoja, Mary, anayetenganisha mambo haya mawili: kiburi ni jinsi unavyojiona wewe, vanity ni jinsi unavyotaka wengine wakuone. Binti alilisema hilo mezani, akiniangalia. Nikamwambia sisi tunalijua bila riwaya. Mwenye kiburi hata akiwa peke yake jikoni anacho, mwenye mikogo akibaki peke yake hana kazi. Akauliza kama kuweka picha ya bafu kwenye grupu ni kiburi au mikogo. Nikamwambia aoshe vyombo.

Huyu anakaribia miaka 15 na nusu, umri ambao hapa wanampa mtoto ruhusa ya kujifunza gari, Mungu atusaidie. Gari hana, pleti ameshaanza kuichagua. Iwe ya Kiswahili, anasema, na nafasi ni herufi 7. MSWAHILI haiingii. SHIKAMOO haiingii. POLEPOLE, niliyoipendekeza mimi kama mzazi, nayo haiingii. HARAKA inaingia vizuri sana, na baba yake amekataa kwa sababu ya polisi.

Mdogo wake akaleta BURE. Huyu Kiswahili chake amekijenga mwenyewe. Nilipomweleza kwamba vanity pia ndiyo ule ubure, kufanya jambo lisizae kitu, alishangaa, kwa sababu kwake bure ni kitu usicholipia. Kazi bure anadhani ni kujitolea. Kuna siku aliwaambia wenzake darasani kwamba babu yake alisema jirani alikufa bure, wakamsifu jirani kwa kutowaachia watu gharama. Anadai pia kwamba Kiingereza kina vain, vein na vane, zote sauti moja, na hajawahi kulalamika, kwa hiyo na mimi nisilalamike. Nikamwambia gari lenye neno BURE litasimamishwa na kila Mtanzania wa hapa anayetaka lifti ya kwenda kanisani. Akasema si ndiyo vizuri, mama?

Dada yake hataki kusikia. Amebakia na KARIBU, herufi sita, nzuri, ya heshima, hata kaka Korogwe haina pa kumchokoza. Juzi tuliiandika kwenye tovuti kuangalia kama ipo, tukajibiwa imeshachukuliwa. Kwa hiyo humu Virginia kuna mwenzetu anaendesha nayo. Kama ni wewe unayesoma, binti anaomba mzungumze.