Watu Kumi na Wawili Walioacha Mswaki

Sogeeni, watoto wa Ngezi hapa Bunia, na leo sungura apumzike. Hadithi yangu inaanzia mdomoni mwenu. Yuko mmoja hapa ambaye akipiga mswaki asubuhi hutema mate mekundu. Mama akimuuliza, anajibu: "Mswaki ni mgumu." Huenda kweli ni mgumu. Lakini mara nyingi mswaki unasingiziwa bure: ufizi unaotoa damu ni ufizi mgonjwa. Nani aligundua hayo? Na kwa nini madaktari wa moyo, wa kisukari na wa watoto nao siku hizi wanaulizia habari za fizi? Tegeni masikio.

Hapo kale, mjini Delft, nchi ya Uholanzi, aliishi mfanyabiashara wa vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek. Alikuwa fundi wa kutengeneza vioo vidogo vya kukuza vitu. Kila asubuhi alisugua meno yake kwa chumvi, na alijiona msafi kabisa. Mwaka 1683 alikwangua utando mweupe uliobaki katikati ya meno, akauchanganya na maji, akachungulia. Lo! Viumbe vidogo vinaogelea, vinazunguka, vinapiga mbio. Akawaandikia wataalamu wa London kwamba anabeba viumbe wengi mdomoni kuliko watu wote wa nchi yake.

Basi vijidudu vikajulikana. Lakini je, ndivyo vinavyouguza ufizi, au vinakaa tu? Jibu lilichelewa karibu miaka 300.

Alikuja kulitafuta Harald Löe, daktari wa meno mzaliwa wa Norwei, aliyekuwa akifanya kazi Aarhus, Denmark. Alichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno. Akawapa amri ambayo wengine wenu mngeipokea kwa vigelegele: acheni kusafisha meno. Wakaacha. Utando ukajaa. Mmoja baada ya mwingine, fizi zikawa nyekundu, zikavimba, zikatoa damu. Wa kwanza kuugua walichukua siku 10, wa mwisho siku 21. Hakusalimika hata mmoja kati ya wale 12. Kisha Löe akawarudishia miswaki, na baada ya wiki moja hivi fizi zilikuwa nzima tena. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1965. Tangu hapo tunajua kwamba utando ndio unaouguza ufizi, na kwamba ugonjwa ukiwa mchanga, dawa yake ni usafi.

Na ukiachwa ukomae? Utando hushika madini ya mate na kuwa ugaga, kitu kigumu ambacho mswaki hauwezi kukibandua. Hapo anatakiwa daktari wa meno. Mwili nao haukai kimya. Hupeleka damu nyingi na chembe nyeupe kupambana na vijidudu, ndiyo maana ufizi huvimba. Mapambano hayo yakidumu miaka, huula hata mfupa unaolishika jino. Jino ambalo halijaoza hata kidogo hulegea, kama nguzo ya nyumba iliyochimbuliwa udongo chini.

Lakini si kila mtu hufika huko. Mwaka 1988 watafiti walitoa matokeo ya kuwapima watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Utando na ugaga vilikuwa katika karibu kila kinywa, ila walioharibikiwa sana walikuwa wachache. Kwa hiyo uchafu pekee hauelezi yote. Mwili wa mwenye kinywa nao una neno: una nguvu kiasi gani, unaugua nini, unavuta sigara au hauvuti.

Hapo ndipo fizi zinapokutana na mwili mzima, na hapo ndipo watu wengi walipopotea njia. Mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba meno mabovu ndiyo chanzo cha magonjwa mengi mno, hata ya viungo na ya akili. Wagonjwa wakang'olewa meno kwa wingi. Mmoja wa waliotetea wazo hilo alikuwa Weston Price, daktari wa meno Mmarekani, ambaye mwaka 1935 alisafiri hadi kwenye msitu wetu wa Ituri akitazama meno ya watu na vyakula vyao. Baadaye wengine walipolichunguza wazo lile kwa makini, walikuta wengi wameng'olewa meno na magonjwa yao hayajapona.

Ndiyo maana watafiti wa leo wanakwenda polepole. Mwaka 1989 watafiti wa Ufini walionyesha kwamba walioshikwa na ugonjwa wa moyo wa ghafla walikuwa na vinywa vibovu kuliko wengine. Je, ufizi ndio ulioangusha moyo? Haijathibitishwa, maana sigara pekee inaweza kuharibu vyote viwili. Akina mama wajawazito wenye fizi mbovu nao walionekana kuzaa kabla ya wakati zaidi ya wengine. Lakini katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wajawazito walitibiwa fizi. Zikapata nafuu, ila waliozaa mapema hawakupungua. Kisukari ndicho chenye ushahidi mzuri: sukari ikizidi, fizi huharibika haraka, na fizi zikitibiwa, sukari ya damu hushuka kidogo.

Kwetu sisi, hata hivyo, fundisho kubwa liko kwa watoto. Kuna ugonjwa uitwao noma. Huwashika hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 waliodhoofishwa na njaa, mara nyingi wakiwa wametoka kuugua surua au malaria. Huanza na kidonda kwenye ufizi. Siku chache tu, shavu huvimba, kisha nyama ya uso huoza. Usipotibiwa huua hadi watoto 90 katika kila 100. Si uchawi, wala hauambukizwi kwa kula sahani moja. Ukiwahiwa, dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula kizuri huuponya. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Na sisi Kongo tunaijua surua: kuanzia mwaka 2019 hadi mwanzo wa 2020 iliua zaidi ya watu 6,000. Katika Bunia hii yenye familia nyingi zilizokimbia vita, njaa na surua vinaweza kukutana katika kibanda kimoja.

Basi shikeni kazi zenu. Pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, mpaka kwenye mpaka wa jino na ufizi. Asiye na mswaki wa dukani atumie kijiti safi kilichotafunwa ncha. Ufizi ukitoa damu, usiache kuusafisha. Wakumbusheni wazazi chanjo ya surua ya wadogo zenu. Na mkimwona mtoto aliyedhoofu, ufizi unatoka damu, mdomo unanuka na shavu limeanza kuvimba, msingoje kesho: waambieni wakubwa wampeleke kituo cha afya siku ileile.