Kuvu Wanaofufua Nyika

Wengi tunawajua fangasi kwa magonjwa ya ngozi na mahindi yanayooza ghalani. Lakini R. Michael Miller, mtafiti wa Maabara ya Taifa ya Argonne katika jimbo la Illinois, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza fangasi wenye kazi njema: kuvu wa mikoriza, wanaosaidia kurejesha nyika zilizoharibiwa na kilimo.

Illinois ilikuwa nchi ya nyasi ndefu. Mwaka 1837, mhunzi John Deere alitengeneza plau ya feleji iliyoweza kupasua udongo wake mzito. Leo haijabaki hata sehemu 1 kati ya 1,000 ya nyika ya awali iliyo katika hali nzuri. Vipande vingine vilinusurika makaburini na kando ya reli.

Mwaka 1975, Profesa Robert Betz alianza kuongoza upandaji wa mimea asilia kwenye ardhi ya maabara ya fizikia ya Fermilab. Kwa kuwa mashamba yalipandwa miaka tofauti, Miller na mwenzake Julie Jastrow waliweza kulinganisha udongo wa kila rika.

Kuvu hawa huishi ndani ya mizizi. Mmea huwapa sukari, nao huuletea fosforasi kutoka mahali ambapo mizizi haifiki. Ili kuwaona, mtafiti huosha mizizi, huipasha moto katika dawa kali, kisha huitia rangi ya buluu. Kwenye hadubini huonekana vijitawi vyembamba ndani ya seli; hapo ndipo mabadilishano hufanyika.

Nje ya mizizi, nyuzi zao hufunga chembe za udongo kuwa vibonge visivyomeguka ovyo vikilowa. Hivyo mvua huzama badala ya kuusomba udongo. Huko Fermilab, vibonge hivyo vilirejea ndani ya takriban muongo mmoja, lakini kaboni huongezeka polepole zaidi.

Mwaka 2017, Liz Koziol na James Bever wa Chuo Kikuu cha Kansas walionyesha kwamba kuongeza kuvu kutoka nyika asilia huongeza aina za mimea inayostawi.

Mahindi, mtama na mihogo yetu pia hushirikiana na kuvu wa jamii hii. Kwa hiyo, mradi wa kurejesha uoto usiishie kuhesabu miche. Upime pia uhai wa udongo. Na pale ambapo nyika asilia bado ipo, tuilinde isilimwe, kwa sababu kuirudisha ni kazi ya vizazi.